Somo: Linka inakagua nini kabla ya kuunganisha mafaili yako ya .o

Mafaili yote yamekompaili safi, hakuna hata onyo moja, halafu hatua ya mwisho inagoma: ile ya linka, yaani programu inayounganisha mafaili ya .o (yanayotoka kwa kompaila) kuwa programu moja. Wengi hapo hufuta kila kitu na kuanza upya. Usifute. Linka imekwambia kitu, tujifunze kukisoma.

Hatua ya 1: tengeneza ugomvi mwenyewe. Kwenye Linux ya biti 64, andika jumla.c yenye fanksheni moja ya kujumlisha, na kuu.c inayoitangaza na kuiita. Usiweke #include yoyote. Kisha:

gcc -m32 -c jumla.c
gcc -c kuu.c
gcc kuu.o jumla.o -o jaribio

Itakataa, ikidai jumla.o ni "i386" (biti 32, kwa sababu ya -m32) na haiendani na "i386:x86-64" (biti 64).

Hatua ya 2: soma heda, yaani maelezo yaliyo mwanzoni mwa faili. Andika `readelf -h jumla.o`. Faili la ELF (muundo wa mafaili ya .o na programu kwenye Linux) huanza na baiti 7f 45 4c 46. Hizo tatu za mwisho ni herufi E, L na F. Baiti ya tano ikiwa 1 ni biti 32, ikiwa 2 ni biti 64. Ya sita inaeleza mpangilio wa baiti: 1 ni ndogo kwanza, 2 ni kubwa kwanza. Mbele kidogo kuna namba ya kichakataji: 3 ni i386, 62 ni x86-64, 40 ni ARM, 183 ni ARM ya biti 64. Mpaka hapa linka haijagusa kodi yako hata kidogo.

Hatua ya 3: pale heda zinapofanana na bado inagoma. Hapa ndipo wanaojenga programu za Raspberry Pi huumia. Mafaili mawili, yote ARM ya biti 32, mpangilio mmoja, lakini unaambiwa moja "uses VFP register arguments" na jingine halitumii. Maana yake ni kwamba hayajakubaliana namba za desimali zipitie wapi. Moja linaziweka kwenye rejista (vihifadhi vidogo ndani ya kichakataji) za kawaida, r0 na wenzake. Jingine linazisoma kwenye rejista za desimali (ndizo za VFP), s0 au d0. Yakiunganishwa, anayeita anaweka mzigo mlango huu, anayepokea anausubiri mlango ule. Ndiyo maana kompaila huandika makubaliano hayo ndani ya faili lenyewe. Yaangalie kwa `readelf -A faili.o`, utafute Tag_ABI_VFP_args. Dawa ni kukompaili yote kwa `-mfloat-abi` moja. Kagua pia jina la kompaila: gnueabihf na gnueabi si kitu kimoja, hiyo "hf" (hard float, yaani rejista za desimali) si pambo.

Hatua ya 4: kile ambacho linka haikagui. Linka ni askari wa getini: anaangalia kitambulisho, hafungui begi. Kwenye C, jumla.c ikitumia double na kuu.c ikatangaza int, linka inaona jina "jumla" pande zote na kupitisha. Programu inajengwa, majibu yanatoka ya ajabu. Mimi hili naliogopa kuliko makosa yote ya juu. C++ ina nafuu kwa sababu aina za vigezo huingia kwenye jina: _Z5jumlaii kwa int mbili, _Z5jumladd kwa double mbili. Kwenye C, weka tangazo kwenye faili moja la .h na uli-include pande zote mbili. Ukiongeza `-flto`, GCC huweza kukuonya aina zikipishana.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, napata "skipping incompatible" na laibrari ipo kabisa. Shida nini?*
Hilo peke yake si kosa. Imekuta laibrari isiyoendana, kwa kawaida ya biti tofauti, ikairuka na kuendelea kutafuta. Ikifuatiwa na "cannot find", basi haikupata nyingine. Kama ni ya .a (mafaili ya .o yaliyofungwa pamoja), `readelf -h` inasoma kila faili lililomo.

*Faili moja GCC, jingine Clang, inakubali?*
Kwa C kwenye Linux, ndiyo, bila wasiwasi. Kwa C++ hakikisha yote yanatumia laibrari moja ya msingi. Libstdc++ (ya GCC) na libc++ (ya mradi wa Clang) usizichanganye.

*Wa Windows je? Mimi inanitokea LNK2038.*
Umechanganya Debug (ya kutafutia makosa) na Release (ya kuwapa watumiaji), mara nyingi. Kompaila ya Microsoft huacha alama kama _ITERATOR_DEBUG_LEVEL ndani ya mafaili ya C++, na linka yake inazilinganisha. Jenga upya laibrari kwa mpangilio uleule wa programu.

*Hakuna namna ya kuilazimisha tu ikubali?*
Ipo, `--no-warn-mismatch` kwenye ld, linka ya GNU. Rudia hatua ya 3 kwanza, uone huo mzigo utaenda mlango gani.