Kuanza Riwaya Ndefu Ambayo Mwandishi Hajaimaliza

Kitabu cha tano cha A Song of Ice and Fire, riwaya ndefu ya njozi ya George R. R. Martin, nilikimaliza mwaka 2012, umeme umekatika, nasomea tochi ya simu. Cha sita nakisubiri mpaka leo. Basi haya ninayokueleza yamenigharimu.

Kwanza tazama miaka ya vitabu kutoka. Vya Martin vilitoka 1996, 1998, 2000, halafu 2005, halafu 2011. Pengo likizidi kupanuka namna hiyo, ujue uzi umeanza kumtatiza mwandishi mwenyewe. Linganisha na Stormlight, riwaya nyingine ndefu ya njozi, ya Brandon Sanderson: 2010, 2014, 2017, 2020, 2024. Amepanga vitabu kumi, ila kavigawa mafungu mawili ya vitano vitano, na la kwanza limeshafungwa. Huyo muanze tu, mradi mkono wako unahimili kurasa elfu moja.

Usinunue vyote kwa mkupuo. Soma cha kwanza, kisha ujiulize: kingekuwa ndicho hiki peke yake, ningejuta hela yangu? Ukijuta, ishia hapo. Mimi hununua vya mtumba pale Posta, Dar, na mtego wake ni kukuta cha tatu kwa bei ya kutupa wakati cha kwanza hakipo. Kiache.

Kazi yenyewe ni daftari. Nina kaunta buku ambamo kila mhusika ana mistari yake: ni nani, mtoto wa nani, anamchukia nani, tulimwacha wapi. Hilo la mwisho ndilo nililolipuuza zamani. Nilijaza koo na nembo za ngao zao, nikachora na mbwamwitu kabisa (mchoro ulitoka kama mbuzi). Miaka ilipopita nikalifungua, bendera zote nazijua, ila nani yuko melini na nani kazingirwa ngomeni, sina habari. Siku hizi usiku uleule ninaomaliza kitabu naandika maswali matatu yaliyobaki, na jibu ninalolidhania. Dada yangu anaandika ubashiri wake pembeni kwa kalamu nyekundu.

Kuhusu kifo cha mwandishi, hilo nalo lipo. Robert Jordan, mwandishi wa The Wheel of Time, alifariki 2007 kabla hajaimaliza, akaacha maelezo, Sanderson akamalizia hadithi kwa vitabu vitatu, cha mwisho 2013. Bahati hiyo si ya kila msomaji. Ikikunyima usingizi, anza na iliyokwisha.

Sisi tunasubiri. Dau letu juu ya kitabu cha sita limeshafika kreti mbili za soda.