Somo: Obiti ya kusubiri, hesabu yake na jina lake

Tuanze na jina, maana ndilo linalopotosha wengi. Wapo wanaoiita obiti ya maegesho. Lakini gari lililoegeshwa limesimama, na chombo kilicho kwenye obiti hii kinakimbia kilomita 28,000 kwa saa. Kilichopumzika ni injini tu. Ndiyo maana hapa tunasema obiti ya kusubiri: njia ya muda ya kuizunguka dunia. Roketi inaingia humo, inazima injini, inaelea hadi ifike mahali panapofaa, kisha inawasha tena na kwenda zake.

Chukua kalamu na kikokotoo.

1. Chagua kimo. Apollo 11, safari iliyofikisha watu Mwezini, ilisubiri kwenye kilomita 185 hivi, nasi tutumie hiyo. Ukishuka sana, hewa nyembamba iliyobaki huko juu inakivuta chombo. Ukipanda sana, unachoma mafuta ambayo ungeyahitaji baadaye.

2. Jumlisha nusu kipenyo cha dunia: 6,378 + 185 = 6,563. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, wakigawanya kwa 185. Umbali unapimwa kutoka kitovu cha dunia, si kutoka ardhini.

3. Tafuta kasi. Chukua 398,600, namba ya nguvu ya uvutano wa dunia, gawanya kwa 6,563 unapata 60.73. Kipeuo chake cha pili ni 7.79, yaani kilomita 7.79 kwa sekunde.

4. Tafuta muda wa mzunguko mmoja. Njia nzima ni 2 × 3.1416 × 6,563, karibu kilomita 41,240. Gawanya kwa 7.79: sekunde 5,294, yaani dakika 88. Kila dakika moja chombo kinapita nyuzi 4 na kidogo.

5. Amua pa kuwashia. Kwa safari ya Mwezini, usilenge Mwezi ulipo leo. Safari inachukua siku 3 hivi, na Mwezi husogea nyuzi 13 kwa siku. Lenga utakapokuwa, kisha uwashe ukiwa karibu na upande wa dunia ulio kinyume cha hapo. Apollo 11 ilizunguka mara moja na nusu, ikawasha baada ya saa mbili na dakika 44 tangu kupaa. Injini ilinguruma karibu dakika 6 na kuongeza takriban kilomita 3 kwa sekunde. Uzito uliokuwa kwenye obiti ulipungua kwa takriban nusu, wote mafuta. Ukichelewa sekunde 10 tu, tayari uko kilomita 78 mbele ya pale ulipokusudia.

6. Hakikisha mafuta yapo mdomoni mwa bomba. Hatua hii haina hesabu ndefu, lakini ndiyo inayoua safari. Injini ikizimwa, kila kitu kinaelea, na mafuta hayajui tena chini ni wapi. Yanatawanyika tangini kama povu, mapovu ya gesi katikati. Pampu ikivuta gesi badala ya mafuta, injini haiwaki, au inawaka na kuharibika. Kwa hiyo injini ndogo huisukuma roketi mbele taratibu, mafuta yatulie nyuma, ndipo ile kubwa iwashwe. Roketi iliyobeba Apollo ilitumia pia mafuta yake, haidrojeni, iliyokuwa ikichemka: mvuke wake ulitolewa kwa nyuma mfululizo, ukasukuma kidogo kidogo muda wote wa kusubiri. Haidrojeni hiyo huwekwa kwenye nyuzijoto 253 za Selsiasi chini ya sifuri, na ikipata joto huchemka, kwa hiyo kila dakika ya kusubiri inakupunguzia mafuta.

Injini ikikataa kuwaka mara ya pili, chombo kinabaki kuzunguka dunia mpaka kianguke. Phobos-Grunt ya Urusi, iliyokuwa ikienda kwenye mwezi wa Mars, ilikwama obitini Novemba 2011 injini yake ilipokataa kuwaka, ikaanguka Januari 2012.

Maswali ya wanachama

Kondele, Kisumu: Mwalimu, kwa nini roketi isiende moja kwa moja?

Zipo zinazokwenda. Darubini ya James Webb ilirushwa hivyo tarehe 25 Desemba 2021, na injini ya juu ya Ariane 5 yake haikuundwa kuwashwa mara mbili. Tatizo ni kwamba ukienda moja kwa moja, dunia lazima iwe imekigeuza kituo chako upande unaofaa. Kwa kusubiri obitini, unachagua mwenyewe pa kuwashia. Ndiyo maana Apollo 11 ilikuwa na nafasi ya zaidi ya saa nne ya kuruka siku ile.

Maseno: Ikweta inapita kwetu. Roketi ingerukia hapa, ingehitaji kusubiri?

Kwa setilaiti za televisheni, ingehitaji kidogo sana. Hizo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ukirusha kutoka Florida, obiti inalala kwa mshazari wa nyuzi 28 na nusu, inakata ikweta mara mbili kwa mzunguko, na ni hapo pa kukata ndipo unapowasha. Kwa hiyo unasubiri ufike. Ukiwa ikweta, uko juu yake tangu mwanzo. Jukwaa la San Marco karibu na Malindi lilifaidika na hilo: setilaiti ya Uhuru ilirushwa pale tarehe 12 Desemba 1970.

Nakuru: Ni sawa na obiti ya makaburi?

Hapana. Ile iko kilomita 300 hivi juu ya setilaiti za televisheni, na setilaiti zilizomaliza kazi zinazopelekwa huko hazirudi.

Kakamega: Neno obiti ya kusubiri linatumika kwa dunia peke yake?

Linatumika hata Mwezini. Chombo mama cha Apollo kilisubiri kilomita 110 hivi juu ya Mwezi wanaanga wawili wakiwa chini. Rudia hatua ya 2 hadi ya 4, ukiweka 4,903 badala ya 398,600, 1,737 badala ya 6,378, na 110 badala ya 185. Utapata dakika 119 hivi.