Majina ya Kituruki, soma hivi

Kwa wale wanaofuatilia mpira au tamthilia za Uturuki, kusoma majina yao sio kazi kabisa mkijua vijiherufi kama vinne hivi, maana tangu 1928 walipoacha herufi za Kiarabu na kuchukua za Kilatini walijipangia herufi moja sauti moja, karibu kama sisi tu. C yao ni j yetu, kwa hiyo Cengiz ni Jengiz, sio Sengiz wala Kengiz kama watangazaji wengine wanavyotuchapia. Ikiwekewa kamkia chini, ç, inakuwa ch. S yenye mkia ni sh. Basi ile timu aliyopita Samatta, Fenerbahçe, ni Fenerbahche, na majirani zao Beşiktaş ni Beshiktash, rahisi.

Sasa inayosumbua watu ni ğ. Hiyo usiitamke kabisa we ivute tu irabu inayoitangulia, ndo maana Erdoğan ni Erdoan na Çalhanoğlu inatoka kama Chalhanoolu, hakuna g hapo jamani. Alafu kuna i isiyo na nukta, ı, kama kwenye Yıldız, hii sisi hatuna, jaribu kusema u huku midomo umeiachia kama unatabasamu, utaipata. Na ile i yenye nukta, hata kwa herufi kubwa nukta haipotei, wanaandika İstanbul na nukta yake juu, sio urembo wala jezi imekosewa.