Nili ya isatisi na zambarau ya konokono: jinsi ya kuzilinganisha kwenye sufu

Mpwa wangu anasoma kemia hapa Toulouse, mji uliotajirika karne ya 15 na 16 kwa nili, yaani buluu ya isatisi, mmea wa maua ya njano wa jamii ya kabichi. Alitaka kuilinganisha na zambarau ya konokono wa bahari, tukafanya hivi.

1. Unga. Wa isatisi unapatikana kirahisi. Wa konokono nunua uliotengenezwa maabara. Mwaka 1909 Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4 tu, usiwaue kwa jaribio la nyumbani.

2. Sufu. Osha, loweka.

3. Kuyeyusha. Mitungi miwili ya kioo, maji ya nyuzi joto 50, magadi soda, kisha haidrosi, kemikali ya kuyeyusha rangi, ileile ya mafundi batiki. Kostiki yao iache, inakula sufu. Kuyeyusha kwa kuchachusha siku kadhaa, bila haidrosi, ni kuzuri, lakini kwa kulinganisha sikupendekezei: mitungi haiivi pamoja. Rangi zote mbili zitakuwa manjano-kijani.

4. Giza. Mara yangu ya kwanza niliweka mtungi wa konokono dirishani, sufu ikatoka buluu tupu. Siku nzima nilirudia nikiamini nimeuziwa unga bandia. Kumbe rangi ya konokono ni nili yenye atomi mbili za bromini, na ikiwa imeyeyuka mwanga wa jua huzing'oa. Kinachobaki ni nili ya mmea.

Kwa hiyo funga mtungi kwa foili kabla ya kutia haidrosi, si baadaye. Fanya usiku, taa hafifu. Na usidhani umemaliza ukiitoa sufu: ikiwa bado kijani, bromini bado inaweza kung'oka. Itundike gizani ipigwe hewa mpaka igeuke zambarau yote, hata katikati ya uzi. Ifumbue kwa vidole uangalie. Isatisi haina bromini, kwa hiyo mtungi wake uweke popote.

Sasa mimina nusu ya mtungi wa konokono kwenye chupa, iweke juani makusudi asubuhi, uchovye uzi wa tatu. Bila uzi huu, ulinganisho haujakamilika.

5. Suuza, kausha, laza nyuzi pamoja. Zambarau inajitenga yenyewe. Zile mbili za buluu mpwa wangu alizigeuza chini ya taa, akaniuliza, "Mjomba, ya konokono ni ipi?" Funga fundo kwenye huo uzi wa tatu, wa konokono, kabla ya kuuchovya.