Cheka kwa makusudi, ila usicheke peke yako

Siku ikikubana, usisubiri kichekesho. Tafuta mtu mmoja, simameni mkitazamana machoni, legezeni mabega, vuteni pumzi kwa pua, kisha itoeni kwa "ho-ho, ha-ha-ha" ya tumboni mpaka iishe kabisa. Pumueni kawaida mara mbili, rudieni. Mara 5 zinatosha. Mbili za kwanza zitakuwa za kuigiza, na ni sawa. Baadaye mmoja huponyokwa na kicheko cha kweli, na mwenzake huambukizwa. Ndiyo maana macho yasikwepe. Daktari Madan Kataria alianza hivi na watu wachache bustanini, Mumbai, India, mwaka 1995: vichekesho vilipowaishia, wakagundua kwamba kicheko cha kuigiza nacho kinafaa. Kinachosaidia ni hiyo pumzi ndefu ya kutoka. Huyakamua mapafu kuliko kupumua kwa kawaida, misuli ya tumbo na kifua hukaza kisha hulegea, na mabega hushuka yenyewe.

Wengi hukosea kwa kuharakisha. Ukisikia kizunguzungu au ganzi vidoleni, unapumua kasi mno: kaa chini, pumua taratibu. Mwenye ngiri au mshono mbichi wa tumbo aache kabisa. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu, maana kicheko kikubwa huweza kuiamsha. Aliyefiwa usimlazimishe hata kidogo, keti naye tu. Na huzuni iliyozidi wiki 2, huku usingizi na hamu ya chakula vimepotea, hiyo ipelekwe kwa daktari.