Kufunga paneli za leza (ngozi bandia) ndani ya boti bila skrubu kuonekana

Kabla ya kuingia kwenye boti nilikuwa nawamba viti vya matatu Mombasa. Ukivua ubao wa ndani wa mlango wa gari, usoni huoni skrubu hata moja. Unapenyeza kisu butu pembeni, unavuta, unasikia ta, ta, ta, klipu zinaachia moja baada ya nyingine. Nilipoitwa Mtwapa kuvalisha leza chumba cha boti ya uvuvi, nilidhani kazi ni ileile. Lakini gari halipigwi na mawimbi.

Kwenye boti ile ya kwanza, paneli za dari nilizibandika kwa velkro yenye gundi yake. Zilipendeza kweli. Boti ikakaa juani wiki tatu, msimu wa kaskazi, gundi ikalainika. Siku walipotoka nje ya miamba, wimbi la kwanza kubwa likaiangusha paneli juu ya mabega ya nahodha, naye kashika usukani. Hakuumia, ila mimi usiku ule sikulala. Tangu siku hiyo nina masharti mawili: kila paneli ishikwe na kitu kigumu, na kila paneli iweze kutoka kwa mkono. Nyuma yake kuna nyaya, mipira ya maji na nati za vyuma vya sitaha. Maji yakianza kuingia usiku, hakuna mwenye nafasi ya kutafuta bisibisi.

Mwili wa faiba usiutoboe. Paneli inafungwa kwenye papi, yaani fito nyembamba za mbao, na papi inagandishwa kwa gundi ya epoksi. Piga msasa namba 80 mahali papi itakapokaa, futa vumbi, pangusa na asetoni, halafu changanya epoksi na unga wake mpaka iwe nzito isiyochuruzika. Egemeza kwa vijiti hadi kesho yake. Na usizizungushe papi kama fremu ya picha. Acha mianya, hasa chini, ili hewa ipite na jasho la boti lishuke kwenye ngama, kule chini kabisa maji yanakokusanyika. Ukiziba kila upande, unyevu unabaki nyuma ya ubao na leza nyeupe inaota madoa meusi ya ukungu ambayo hayatoki.

Vielelezo vya paneli nakata kwa katoni, naandika juu yake: mbele, juu, kushoto. Ubao wenyewe ni plaiwudi ya baharini, milimita 9 kwa ukutani. Pale paneli mbili zinapokutana, punguza kama milimita 3 kwa kila ukingo, kwa sababu leza itakunjwa pale na inakula nafasi. Kama hujui leza yako inakula kiasi gani, valisha vipande viwili vya mabaki, viweke ubavu kwa ubavu, upime.

Sasa klipu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Klipu ina jike na dume: jike linakaa kwenye papi, dume nyuma ya paneli. Nafunga majike kwanza, sentimita 25 hadi 30 kutoka moja hadi jingine, na sentimita 5 kutoka ukingoni. Kwenye dari nazikaribisha ziwe sentimita 20. Kisha naweka paneli ikiwa ubao mtupu, kabla ya sponji wala leza. Lakini tundu la dume utalitoboa wapi, na papi huioni tena? Mimi natumia rangi ya mdomo. Naipaka kwenye mdomo wa kila jike, naweka paneli mahali pake barabara, nabonyeza kwa kiganja juu ya kila klipu, naivua. Nyuma ya ubao kuna pete nyekundu, na katikati ya pete ndipo pa kutoboa. Zitazame pete hizo kwa makini. Pete iliyokolea upande mmoja na kufifia upande wa pili inakuambia kuwa papi imelala mshazari au iko chini kidogo. Iweke sawa sasa hivi, kwa sababu klipu isiyoingia wima itavunjika shingo.

Jaribu paneli zote zikiwa tupu mpaka zikae. Zikikaa, zivue, ziandike namba kwa penseli nyuma, halafu upake epoksi pande zote mbili, kingo, na ndani ya kila tundu. Plaiwudi hunywa maji kupitia kingo na matundu.

Kuwamba kwenyewe hakuna siri kubwa kwa aliyezoea viti. Sponji iwe ile isiyofyonza maji, milimita 5 inatosha. Paka gundi pande zote mbili, subiri mpaka isinate kwenye kidole, kisha laza leza kuanzia katikati ukielekea kingoni. Kwenye kona ya ndani, mkato wako uishie milimita 2 kabla ya kona, la sivyo ubao utachungulia. Pini za stepla ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, urefu wa milimita 6 kwa ubao wa 9. Pini za kawaida zitatoa kutu, na kutu hiyo itachuruzika juu ya leza ya mteja.

Paneli kubwa ya ukutani klipu peke yake siiamini. Nakata papi mbili mshazari wa nyuzi 45, moja nyuma ya paneli, nyingine ukutani, ziumane paneli inaposhuka. Juu yake acha nafasi ya kuinulia, milimita 12 hivi, ambayo ukingo wa dari utaificha. Lakini huo mshazari unategemea uzito wa paneli kuvuta chini, na boti ikidondoka kutoka juu ya wimbi, paneli inaruka juu. Kwa hiyo chini yake tia klipu mbili za kuizuia.

Kwenye ukingo wa chini wa kila paneli nashonea utepe mfupi wa leza, umekunjwa nyuma, wa kuvutia. Paneli ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. Hiyo naifunga kwa skrubu mbili za kufunguliwa kwa vidole, zilizojificha nyuma ya taa ya kubonyeza, na taa inachomoka kwa mkono.

Kabla sijapokea malipo, mwenye boti anakaa chini, anatoa taa, anafungua hizo skrubu mbili, anavua paneli zote mwenyewe na kuzirudisha, mimi nikiwa nimesimama mlangoni.