Kufunga fomula na kuacha watu wajaze data: unaanza na kufungua, sio kufunga

Umetengeneza shiti yako safi ya Excel, kolamu A jina la bidhaa, B idadi, C bei, D jumla inayojipigia yenyewe kwa =B2*C2, unawatumia wenzako wajaze kolamu tatu za kwanza tu. Faili linarudi, D7 mtu kaandika 4500 kwa mkono juu ya fomula. Hiyo ni mbaya kuliko erroo, maana erroo inajionyesha, hii unabadilisha idadi huku jumla imekaa vilevile na hakuna anayeshtuka. Mimi ilinila siku nzima kuisaka, ndo nikajifunza haya mambo.

Sasa wengi wanapokwama ni hapa, wanakimbilia Review, wanabonyeza Protect Sheet, ghafla shiti nzima inagoma, hata zile sehemu za kujaza hazijaziki, wanasema Excel imeharibika. Haijaharibika. Kwenye Excel kila seli inazaliwa ikiwa Locked, ila hiyo loku imelala tu mpaka siku utakayowasha Protect Sheet. Kwahiyo seli za fomula zimeshafungwa tayari, usihangaike nazo, wewe fungua zile za kujaza KABLA hujawasha ulinzi.

Selekti A2 mpaka C50 (zikiwa zimetawanyika shikilia Ctrl huku unaklik moja moja), bonyeza Ctrl+1, ikija Format Cells nenda Protection, toa tiki kwenye Locked, OK. Hutaona chochote kimebadilika, ni kawaida. Mi huwa nazipaka njano hafifu hapohapo, ili anayejaza ajue pa kwake ni wapi bila kuuliza.

Kama shiti ni kubwa na fomula zimezagaa kila kona, geuza: Ctrl+A (mara ya kwanza wakati mwingine inashika eneo lenye data tu, bonyeza tena ishike yote), toa tiki ya Locked, halafu F5, Special, Formulas, OK, zitajiselekti zenyewe, Ctrl+1 tena urudishe tiki. Vichwa vya kolamu navyo vitakuwa wazi kwa njia hii, vifunge pia la sivyo utakuta "Bei" imekuwa "bei mpya 2".

Ndo sasa uende Review, Protect Sheet. Paswodi sio lazima. Kwenye ile listi ya tiki toa ya Select locked cells, mausi haitagusa tena fomula na mtu akibonyeza Tab anaruka kwenye seli ya kujaza inayofuata, raha sana. Weka tiki kwa Format columns, bila hiyo siku namba ikiwa ndefu zikaja ##### mtu hawezi hata kupanua kolamu atakupigia wewe. Filta iweke kabla ya kuprotekti na utiki Use AutoFilter. Sort ndo inasumbua, hata ukiitiki inakataa kama kwenye eneo linalopangwa kuna seli iliyofungwa.

Jaribu mwenyewe kuandika D7 kabla hujatuma.

Bado kuna kitu ulinzi hauzuii, nacho ni kukata na kupesti. Mtu akikata B4 (Ctrl+X) akapesti B6, ruksa kabisa maana zote ziko wazi, lakini D4 inaanza kusoma B6 na D6 inatoa #REF! (erroo ya kwamba seli iliyokuwa inaisoma imepotea), na yeye hawezi kuirekebisha kwasababu D imefungwa. Na akikopi seli iliyofungwa, mfano kutoka shiti nyingine, akapesti kwenye ya wazi, ile ya wazi nayo inajifunga. Waambie wakopi badala ya kukata, na wapesti kwa Paste Values, yaani thamani tu bila fomati.

Google Sheets ni rahisi zaidi: Data, Protect sheets and ranges, chagua Sheet, tiki Except certain cells, andika A2:C50, halafu Set permissions. Huko hakuna paswodi, inaangalia akaunti ya mtu, na wewe mwenye faili hufungiwi, kwahiyo ukitaka kujaribu tumia akaunti nyingine. LibreOffice ni kama Excel, ila tiki inaitwa Protected, iko Cell Protection, na Protect Sheet iko kwenye Tools.

Halafu usiweke siri humo ukijiona umefunga. Paswodi ya Protect Sheet ni kama komeo la mlango wa chooni, inazuia mtu asiingie kwa bahati mbaya, mwenye nia anaitoa. Kama ni mishahara ya watu, nenda File, Info, Protect Workbook, Encrypt with Password, faili lenyewe lisifunguke kabisa. Hiyo paswodi iandike mahali, ukiisahau hata Microsoft hawawezi kukurudishia.